Uso Niliomvika Duane

Jumamosi, 12 Septemba 2009

Thad amerudi Corbin Hollow. Amekaa jikoni kwangu asubuhi nzima akila mayai na kunieleza habari za mazombi, mikono ikiruka hewani kama ya baba yake, kaka yangu, Mungu amrehemu. Anataka kupiga filamu kwenye ule uwanja wa kilimani ambako zamani watu walitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao. Siyo filamu ya maana, anasema, na analisema hilo kwa fahari. Anataka kuzienzi zile filamu za bei chee zilizokuwa zikionyeshwa palepale enzi za ujana wetu: damu ya sharubati, waigizaji wasiojua kuigiza, wasichana wanaopiga mayowe kabla hawajaguswa. Picha yenyewe ataikwaruza makusudi ionekane kama mkanda uliochakaa.

"Shangazi, ubaya wake ndio utamu wake."

"Basi umefika. Ubaya hapa kwetu tunao wa kutosha."

Akacheka, kisha akaniomba nimtengenezee maiti wake. "Nani anawajua maiti kuliko wewe?"

Nimefanya kazi kwenye nyumba ya mazishi karibu utu uzima wangu wote. Nawaosha, nawachana, nawapaka rangi, nawarudishia sura. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kazi hiyo mezani. Watu hubadilisha mazungumzo, au huitazama mikono yangu na kuiacha keki niliyokata. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumapili, 13 Septemba

Bernadine Sabol amerudi kwenye kwaya, mara ya kwanza tangu tumzike mumewe. Amesimama pembeni yangu kama kawaida. Sauti ilimkatika katikati ya wimbo, akanishika mkono, akaendelea.

Baada ya ibada nilimsikia akimwambia mke wa mwokaji mikate: "Marlene ndiye aliyenirudishia Emil wangu."

Emil aliangukiwa na mti mwezi Agosti akikata kuni nyuma ya nyumba yao. Upande wa kulia wa uso haukuguswa. Wa kushoto sitaki kuuandika. Nilishinda naye kutwa, nta na uzi na rangi, mpaka mgongo ukagoma. Bernadine alipokuja aliniuliza kama aliumia sana, nikamwambia hapana, dada, alikuwa kama mtu aliyelala, mchubuko kidogo tu. Akambusu paji la uso. Wajukuu wakambusu. Ile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na ubora wake ni kwamba hakuna mtu aliyeiona.

Jumamosi, 19 Septemba

Siku ya kwanza ya kupiga picha. Nimetia aibu.

Nimewaremba mazombi wangu tangu alfajiri. Walipojipanga kwenye nyasi, Thad alipita mbele yao kama jemadari, akasimama, akajikuna kichwa.

"Shangazi, hawa wanakwenda harusini."

Kila mtu akacheka, mpaka mshika kamera. Kweli mikono yangu imezoea kuondoa mauti usoni, kuyaweka haijui.

Jumapili, 20 Septemba

Mvua. Kwaya. Viazi.

Jumamosi, 26 Septemba

Nimejaribu shayiri iliyochemshwa, karatasi laini na gundi. Wameonekana kama watu waliomwagiwa uji. Thad alisema inatosha, hii ni filamu ya bei chee, hata zile za zamani zilikuwa hivyohivyo. Lakini nilimwona akitazama kwenye kamera na kushusha pumzi. Wiki iliyopita nilimwona jemadari. Leo nimemwona mtoto anayejikaza asilie mbele ya watu. Nikajiapia kwamba wiki ijayo sitamwangusha.

Zombi mkuu, yule mchimba makaa anayetoka mgodini kutafuta waliomfukia, ataigizwa na Duane Pritts, mgawa barua wetu. Mrefu, mabega mapana, mpole kupita kiasi. Hajawahi kuigiza chochote.

"Nikiona kamera nacheka," aliniambia. "Nifanyeje?"

"Fikiria mbwa wa padri."

"Yule anayening'ata kila nikipeleka barua? Basi nitalia."

Bernadine amejitolea kutupikia. Anakwenda kwanza kwa binti yake Ohio, akirudi ataleta chakula kila Jumamosi. Anasema nyumba imekuwa kimya mno na yeye hajui kupika sufuria ndogo.

Jumamosi, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi, basi nianze na jinsi ilivyokuwa.

Duane aliketi kwenye kiti chini ya turubai, macho amefumba. Nilikuwa na nta, nta halisi ya kazini, na rangi zangu za kazini. Nilianza na kidonda cha kawaida shavuni. Hakikuwa na maana yoyote. Nikakibandua. Nikatazama ule uso mpana uliotulia, taya lile, na mikono yangu ikaanza kwenda yenyewe.

Hapana. Nimeandika uongo. Mikono haiendi yenyewe. Nilijua ninachokifanya tangu nilipobonyeza shimo la kwanza juu ya nyusi. Nilijua mfupa wa shavu unapovunjika ngozi hulala vipi. Nilijua sikio huvutwa wapi. Jicho nililifunika, nikajenga juu yake kile nilichokiona Agosti, na kila hatua niliikumbuka, kwa sababu kila hatua niliwahi kuirudisha nyuma. Safari hii nilikwenda mbele tu. Nilifanya kazi nikiwa na furaha. Nayo niiandike.

Kisha upande wa kulia, usio na jeraha, ulionekana mtupu. Nikambandikia masharubu ya mvi. Nikamchana nywele kuelekea nyuma, nikaziacha chache zianguke juu ya sikio. Sikujiuliza ni nani aliyekuwa akichana hivyo.

Duane alipoinuka na kutoka chini ya turubai, waliokuwa karibu walimpisha njia. Msichana mmoja aliyekuwa akinywa soda alikwenda kutapika nyuma ya gari. Thad alimzunguka Duane mara kadhaa. Halafu akanikumbatia mbele ya wote akaninyanyua kutoka ardhini.

"Umeutoa wapi uso huu, Shangazi?"

"Kichwani."

Wakapiga makofi. Watu wazima, wamesimama kwenye matope, wananipigia makofi mimi.

Duane alikuja kuchungulia kioo changu, akarudi nyuma. "Mama yangu," akasema. "Maskini huyu alifanywa nini?"

Nilimwambia asiongee, nta itapasuka.

Jumapili, 4 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimesema nina mafua.

Jumatano, 7 Oktoba

Bernadine amepiga simu, amerudi. Jumamosi ataleta pierogi, vile viandazi vya kuchemsha vya viazi, na kabeji zilizofungiwa nyama. "Watu watakula wangapi?" ameuliza, na nimesikia sauti yake ina uhai. Nikataka kumwambia asije. Sikupata sababu ya kumpa ila ile ya kweli.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimempigia Thad nikamwomba tumbadilishie Duane uso. Haiwezekani, anasema, nusu ya tukio imeshapigwa, zombi hawezi kuingia mlangoni na uso huu akatokea dirishani na mwingine. Nikamwambia hata filamu za zamani zilikosea hivyo. Akacheka: "Kweli, lakini mimi nachagua makosa yangu."

Nimepanga hivi: Bernadine atahudumia chakula kule kwenye kibanda cha zamani cha vitafunio, na Duane nitampelekea chake garini mwenyewe.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mvua iliharibu kila kitu. Hapana, niliyeharibu ni mimi.

Ilikuwa manyunyu asubuhi. Nilimremba Duane upya kwa kufuata picha ya wiki iliyopita, na nilifanya haraka, nikitumaini pengine itatoka vibaya. Haikutoka vibaya. Nilimwacha garini na sahani yake, nikaenda kibandani kumsaidia Bernadine kupakua. Alikuwa amevaa aproni ya maua, amepaka hata rangi ya midomo. Aliwatania mazombi waliokuwa wakipanga foleni. "Wewe uliyekufa, ongeza kitunguu, umekonda!" Watu walikuwa wakicheka kwa raha. Nikafikiri, labda tutavuka.

Kisha mbingu zikafunguka. Mvua ya mawe, na upepo ukaling'oa turubai. Wote waliokuwa nje walikimbilia kibandani, na Duane naye alitoka garini akakimbia, ameinama, amejikinga uso kwa mikono ili mvua isiiharibu kazi yangu. Aliingia wa mwisho. Akasimama mlangoni, akashusha mikono.

Bernadine alikuwa ameshika kijiko kikubwa. Aliutazama kwanza upande wa kulia, kwa sababu Duane alikuwa amegeuka kuufunga mlango. Nikauona uso wake ukifunguka. Kwa kitambo kidogo sana alifurahi, Mungu anisamehe. Ndipo Duane akageuka mzima.

Hakupiga yowe. Wasichana wa Thad wanapiga mayowe kutwa nzima.  Yeye alikiweka kijiko taratibu juu ya meza, akaja mpaka mbele ya Duane, akainua mkono kama anayetaka kugusa ile nta, asiguse. Duane, maskini, akadhani ni mzaha, akanguruma kizombi na kunyoosha makucha. Watu wakacheka.

Bernadine akanigeukia.

"Hivi ndivyo alivyokuwa?"

Nilikichukua kile kijiko, nikakipangusa. 

"Marlene. Nakuuliza. Emil alikuwa hivi?"

Kicheko kilikufa kutoka mbele kwenda nyuma, watu wakiambizana. Niliinamisha kichwa kukubali.

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akatoka kwenye mvua ya mawe. Sufuria zake ziko kwangu, nimeziosha.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mvua. Nimepiga simu kwake, hakuna jibu. Kazini wameleta bibi mmoja, kifo cha uzee. Sikuweza kumtazama usoni, nimemwomba mwenzangu amalizie.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Thad kumtaka aliondoe lile tukio lote. Alikuwa mbele ya kompyuta akitia mikwaruzo kwenye picha, na hakuinuka.

"Ndilo tukio bora kuliko yote, Shangazi. Nikilitoa nabaki na watu waliomwagiwa uji."

"Ni uso wa mtu."

"Umemtaja jina? Kati ya watazamaji nani anajua?"

"Anajua mkewe."

"Hii ni filamu ya aina gani, kwani? Hizi filamu hazijui aibu. Ndiyo maana nazipenda."

"Filamu haijui. Mimi je?"

Ndipo akageuka. "Wewe uliniletea," akasema polepole. "Mimi niliomba zombi. Wewe ndiye uliyeniletea Emil Sabol, ukanyamaza ukapigiwa makofi."

Nilitoka nikimlaani njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaona sina cha kumlaani. Kila neno lilikuwa la haki. Nilimchukia kwa sababu alilisema kabla yangu.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimekwenda na sufuria. Nilidhani hatafungua. Alifungua, akazipokea moja moja, akaziweka jikoni, halafu akavuta kiti.

"Kaa. Usivue koti, hutakaa sana. Nieleze."

"Nimekuja kukuomba radhi, dada—"

"Radhi baadaye. Nieleze ulichokiona. Chote."

Nikamweleza. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia, bila kuinua sauti, na kila nilipojaribu kupita kando alinirudisha.

"Jicho?"

"Halikuwepo."

"Meno?"

Nikamwambia.

"Alikufa palepale?"

"Daktari alisema palepale."

"Sikukuuliza daktari."

Nilitazama kitambaa cha meza. Lipo jambo ambalo sikuliandika humu hata siku nilipomremba Duane, na sikulifanya kwa nta wala rangi. "Alikuwa na nyasi mkononi," nikasema. "Alikuwa amezishika kwa nguvu. Ilibidi nimfungue vidole."

 Nje kulikuwa na jua, la kwanza wiki hiyo, na majani ya mti wa jirani yalikuwa yakidondoka bila upepo.

"Kwa hiyo aliishi kidogo."

"Kidogo."

"Nami nilikuwa hapa, napika jemu. Redio nimeifungua mpaka mwisho."

"Usingeweza kufanya lolote, Bernadine."

"Ningeweza kuwa pale." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Uliponidanganya siku ile sikukasirikii. Ulinihurumia. Na ungekuja ukaniambia hapa mezani, hata mwaka ujao, ningelia nikakushukuru. Lakini ulikuwa na kweli hiyo mkononi, ukaenda kumpa kila mtu kule juu kabla yangu. Wale watoto waliujua uso wa mume wangu kabla yangu. Na uliufanya vizuri! Hilo ndilo silimezi. Ungekuwa umelipua kazi tu, nisingemtambua."

Nikasema nisamehe. Nilisema mara nyingi, mpaka neno likawa halina ladha.

"Labda," akasema. "Sijui. Lakini nikifa usiniguse. Nitawaambia watoto. Aje mtu yeyote, aje mgeni, nizikwe hata na nywele timutimu. Mikono yako isinifikie."

Alinifungulia mlango mwenyewe. Kwa adabu.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimekaa viti vya nyuma. Kwaya iliimba bila mimi na haikupungukiwa.

Ijumaa, 23 Oktoba

Baridi ya kwanza. Kioo cha gari kimeganda.

Jumamosi, 24 Oktoba

Thad amekuja. Hakula. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, na nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu mzima aliyechoka.

"Nimeitazama tena usiku kucha," akasema. "Nilitaka nione zombi. Sioni zombi. Namwona mzee Emil, aliyekuwa akinipa tufaha nikipita kwenye ua wake. Nimelitoa lile tukio lote. Nimelifuta, Shangazi, hata nikitaka silipati tena."

"Filamu yako je?"

"Imebaki na shimo katikati." Akajaribu kutabasamu. "Nimetia mikwaruzo pande zote mbili. Watadhani ni mkanda ulikatika."

Nikamshika. Alilia begani kwangu kama alivyolia tulipomzika baba yake. Nilimwonea fahari, na fahari hiyo nayo ikaniuma, kwa sababu alichokitoa yeye ni kitu nilichokitia mimi.

Jumamosi, 31 Oktoba

Onyesho. Magari yalijaa uwanja mzima, mengine yametoka Pittsburgh. Watoto wamevaa mifupa na mashuka, kama desturi ya usiku huu wa mizimu. Nilikaa ndani ya gari langu nyuma kabisa.

Ilikuwa mbaya, kama alivyotaka, na watu waliipenda. Walipiga honi kila damu iliporuka. Kisha mchimba makaa akaonekana kwa mbali, kivuli tu, akija kuelekea kibandani, na wimbo ukapanda. Picha ikaruka. Mikwaruzo, alama nyeupe, sauti ikakatika katikati ya neno, na ghafla watu walewale walikuwa wanakimbia shambani, mmoja hana kiatu, bila maelezo yoyote.

Uwanja mzima ulilipuka kwa honi na vicheko. Waliona ni utundu wa mwongozaji, heshima kwa mikanda ya zamani. Walifurahia lile shimo kuliko kitu kingine chochote. Nilitazama mbele, mikono kwenye usukani, nikiona kwenye lile pazia jeupe kila kilichokuwa kimeondolewa.

Mtu mmoja wa Pittsburgh alinigongea kioo baadaye. Anatengeneza filamu kama hizi, mwenzake alikuwepo wakati wa kupiga picha akamsimulia habari za uso fulani. Angependa nifanye kazi naye.

"Wanasema ulikuwa uso wa kutisha ajabu. Ulifanyaje?"

"Wamekosea mtu," nikamwambia.

Jumamosi, 7 Novemba

Duane amebisha mlango wangu na barua ambazo angeweza kuzitupa sandukuni kama kawaida.

"Marlene, niulize kitu. Yule mama Sabol nimemkosea nini? Alikuwa akinisubiri barazani kila siku, hata kama hana barua. Sasa akiniona natokea kona anaingia ndani. Ni kule kunguruma? Mimi nilidhani tunataniana."

Kumbe hakuna aliyemwambia. Siku ile kibandani mvua ya mawe ilikuwa ikipiga bati, nta ilikuwa imemziba sikio. Aliona tu mama mmoja ameondoka kwa hasira. Mji mzima unajua, isipokuwa aliyeubeba ule uso.

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikimtazama, na sikusema mikono ilikwenda yenyewe.

Aliweka mkoba wa barua chini. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka shavu la kushoto, ukakaa pale.

"Nilimngurumia," akasema. "Yule mama alisimama mbele yangu, mimi nikamngurumia."

"Hukujua."

"Wewe ulijua." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayehakikisha anwani. Kisha akachukua mkoba wake akashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniaga.

Jumatatu, 9 Novemba

Nyumba ya Bernadine inatazamana na dirisha langu la juu, ng'ambo ya barabara, kushoto kidogo. Leo nilikuwa naweka mapazia mazito ya majira ya baridi nilipomwona Duane akitokea kona. Bernadine alikuwa barazani anafagia majani. Akamwona, akaingia, akafunga.

Duane hakutupa barua sandukuni. Alipanda ngazi. Alivua kofia, akavua na miwani, akasimama mbele ya ule mlango, kichwa wazi kwenye baridi, uso mtupu ameuinua juu kama mtu anayengoja kunyolewa. Hakubisha. Nilimwona midomo ikisema kitu kifupi.

Alisimama muda mrefu. Gari moja lilipita, jingine likapita.

Mlango ukafunguliwa kidogo, halafu wote. Bernadine alimtazama. Akatoka nje, akasogea karibu, akainua mkono, na safari hii akagusa. Shavu la kulia, kisha la kushoto. Paji la uso. Alipapasa polepole, kila mahali, kama anayefuta kitu, na lile lijitu refu lilikuwa limeinama ili amfikie, mabega yakitikisika.

Kazi ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyepaswa kwenda kusimama pale, na nilikuwa dirishani na ndoano za pazia mdomoni.

Alimkaribisha ndani. Kabla hajafunga mlango aliinua macho, akaangalia moja kwa moja kwenye dirisha langu. Sijui uso wake ulikuwa na nini, umbali ulikuwa mkubwa na sikungoja kujua. Nililishusha pazia mimi kwanza.